Vyumba Viwili kwa Miaka Kumi

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika na Kivule hadi Goba na Bunju, mapagale yamejaa kila upande wa barabara. Mengi ni ya vyumba vitatu au vinne, sebule kubwa, sehemu ya kulia chakula na kibaraza cha mbele chenye nguzo. Kuta zimefika kwenye lenta, pengine paa limeshapigwa, kisha hela ikakata. Wenyewe wako mjini, wamepanga chumba na sebule Tandale au Mabibo, wana mtoto wa miaka minne na mwingine mgongoni, na kila mshahara ukitoka wanapeleka mifuko michache ya saruji kwenye nyumba ambayo itakamilika watoto wakiwa wameshakuwa wakubwa.

Swali la kama nyumba ndogo inaifaa familia changa, kwa huku kwetu, linaanzia kwenye mapagale hayo. Wengi huliuliza kama swali la nafasi: je, tutabanana? Mimi naona lianze na miaka. Mtoto hukaa nyumbani muda mfupi kuliko wazazi wanavyodhani wanapochora ramani. Mwaka wa kwanza na wa pili analala chumbani kwa wazazi. Akiwa na miaka minne au mitano anaanza chekechea. Akifaulu kwenda kidato cha kwanza, familia nyingi humnunulia tranka na kumpeleka bweni. Miaka anayohitaji zaidi kuwa karibu na wazazi ndiyo hiyo hiyo anayohitaji nafasi ndogo kabisa ya kulala. Ramani ya vyumba vinne iliyochimbiwa msingi alipozaliwa, ikachukua miaka kumi kuisha, inampa chumba chake mwenyewe kwa miaka miwili au mitatu, kisha anaondoka.

Kwa hiyo naiweka hoja yangu mezani mapema. Familia yenye watoto walio chini ya miaka kumi inaweza kuishi vizuri katika nyumba ndogo, mara nyingi zaidi ya tunavyokubali, mradi nyumba hiyo iwe imewapunguzia muda wa barabarani na iwe na nje. Ikikosa vyote viwili, ni dhiki, hata kama kodi yake ni nafuu.

Tuanze na vipimo. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho mafundi wetu wamekizoea, kina mita za mraba 9.3 hivi. Kitanda cha tano kwa sita kinakula karibu 2.8 kati ya hizo. Ukiongeza kabati la milango mitatu na kitanda cha mtoto, kinachobaki ni njia ya kupita. Lakini weka humo kitanda cha deka cha futi tatu kwa sita: watoto wawili wanalala juu ya mita za mraba 1.7, na sakafu inabaki ya kuchezea, ya kuandikia kazi za shule na ya kutandika godoro la mgeni. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, huhesabu kuwa nyumba imebana pale ambapo watu zaidi ya watatu wanatumia chumba kimoja. Kwa kipimo hicho, baba, mama na watoto wawili katika vyumba viwili vya kulala na sebule wako mbali sana na hatari.

Hata kaya zenyewe zinapungua. Sensa ya mwaka 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini Tanzania, wakati mwaka 2012 walikuwa 4.7. Nairobi, sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata watu 2.9 tu. Ila takwimu hizo ni za usiku mmoja wa kuhesabiwa. Hazimwoni bibi anayekuja kumlea mzazi siku arobaini, wala mdogo wake mume anayefika na begi lake kutafuta kazi, na hao ndio huamua kama nyumba inatosha. Nitawarudia.

Jambo la nje linahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndilo tunalolisahau tunapohesabu vyumba. Chukua nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na nyuma ua wenye jiko, bafu, choo na kamba za nguo. Nyumba moja ingeweza kuwa na kaya nne au tano, kila moja na chumba chake kimoja au viwili. Sisifii ufinyu, choo kimoja kwa kaya tano kina ugomvi wake na maradhi yake. Lakini familia za vyumba viwili zililea watoto humo kwa sababu vyumba vilikuwa vya kulala na kutunzia vitu, na mchana wote uliishiwa uani na barazani. Mtoto wa miaka mitatu alicheza chini ya macho ya watu wazima watano waliokuwa na shughuli zao, na mama yake akapika bila kumfungia ndani.

Sasa chukua vyumba viwili vya kiwango kile kile cha mita za mraba, uviweke ghorofa ya nne. Magomeni Kota palikuwa na nyumba za chini. Mwaka 2022 kaya 644 zilikabidhiwa makazi mapya pale pale, safari hii kwenye maghorofa. Maji na choo viko ndani, na hakuna anayepaswa kuyabeza hayo. Hata hivyo mama wa mtoto mdogo amepoteza kitu ambacho hakiandikwi kwenye hati ya nyumba: mahali pa kumwachia mtoto acheze huku yeye anamenya viazi. Lazima ashuke naye, au amfungie ndani na runinga. Kwa mtu mzima mmoja, au wawili wasio na mtoto, fleti ndogo haina neno. Kwa mwenye mtoto anayetambaa na mwingine anayekimbia, ukubwa wa uwanja wa chini, geti lake, kivuli chake na magari yanayopita hapo ni sehemu ya nyumba.

Ndiyo maana nikiulizwa na vijana wanaotafuta nyumba, huwa nawashauri waache kwanza kuuliza ina vyumba vingapi, wasimame mlangoni na kujiuliza: saa kumi jioni mtoto wa miaka mitatu atakuwa wapi, na nani atakuwa anamwona? Dalali hawezi kuwajibia, ila miguu yao itawajibu wakizunguka nje ya nyumba kabla ya kuingia ndani.

Sasa muda. Mzazi anayekaa Chanika na kufanya kazi Posta anaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Tuseme ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, siku 22 kwa mwezi: hizo ni saa 88. Mwenzake aliyepanga vyumba viwili Sinza au Magomeni, akitumia dakika 40 kila upande, anatumia saa 29 hivi. Tofauti ni saa 59 kila mwezi, zaidi ya siku mbili nzima pamoja na usiku wake, na karibu zote zinakatwa kwenye muda ambao mtoto yuko macho. Baba wa Chanika anaweza kuwa na mtoto mwenye chumba chake cha peke yake, naye asimwone akiwa macho kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Kwa mama hali ni nzito zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, na akirejea kazini inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Haki hiyo ina maana tu kama kati ya ofisi na kitanda cha mtoto kuna umbali unaofikika. Mama anayeishi Magomeni anaweza kufika, kunyonyesha na kurudi, au kutoka kazini mapema na kumkuta mtoto bado hajalala. Anayeishi mbali, saa zake mbili zinaishia foleni. Sijui kigezo kingine cha nyumba kinachogusa mwili wa mtoto mchanga moja kwa moja namna hiyo, na bado sijawahi kuona ramani ya nyumba iliyokihesabu.

Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, umbali wa kilomita haulingani tena na umbali wa saa. Nyumba ndogo inayofikika kwa miguu kutoka kituoni inaweza kuwa karibu na mjini kuliko nyumba kubwa iliyo jirani kwenye ramani lakini inahitaji bodaboda, daladala na daladala nyingine. Anayelinganisha nyumba mbili na asafiri njia zake zote mbili siku ya kazi, asubuhi ile ile atakayosafiri kila siku. Jumapili mchana barabara zote ni fupi.

Nilisema nitawarudia wageni. Katika nyumba zetu, sebule ni chumba cha kulala kinachosubiri usiku. Mama mkwe akija kwa uzazi hatalala hotelini, na hakuna anayetaka alale huko. Nyumba ndogo inaweza kumpokea kwa siku arobaini ikiwa sebule ina mlango au pazia zito, na ikiwa choo hakipitiwi chumbani kwa wanandoa. Mipango mingi ya nyumba mpya ndogo huweka choo kimoja tu, tena ndani ya chumba cha wazazi, kwa sababu chumba masta kinapendeza kwenye tangazo. Kwa familia inayopokea wageni hilo ni kosa kubwa kuliko kukosa chumba cha tatu. Kama choo ni kimoja, kiwe cha wote.

Kisha kuna dada wa kazi, ambaye hatajwi kwenye mahesabu haya ingawa ndiye anayekaa ndani ya nyumba kuliko yeyote. Wazazi wawili wanaofanya kazi mara nyingi wana binti anayelea mtoto, na katika nyumba ya vyumba viwili analala kwenye godoro la sebuleni, anakuwa wa mwisho kulala kwa sababu watu bado wanatazama taarifa ya habari, na wa kwanza kuamka. Hana mlango wa kufunga. Ninaamini kwamba nyumba isiyoweza kumpa mahali pa staha, yaani kitanda, sehemu ya nguo zake na mlango au pazia linaloheshimiwa, haimtoshi, na familia hiyo ama itafute dada wa kutwa anayelala kwao, ama ihamie karibu na bibi. Chumba cha watoto wadogo kinaweza kuwa chake pia, naye awe na kitanda chake humo. Watu wengi wanaishi hivyo kwa amani. Kisichokubalika ni kumlaza koridoni.

Faragha ya wanandoa nayo ina tarehe yake. Mtoto akipita miaka miwili anapaswa kuwa na pa kulala pengine, na chumba cha pili kinatosha kwa hilo hata wakiwa wawili au watatu, wa kike na wa kiume pamoja. Kikomo kinakuja baadaye. Mafundisho ya Kiislamu yanataka watoto watenganishwe vitanda wanapofika miaka kumi, na Wakristo wa huku kwetu na wasio na dini hufanya karibu vivyo hivyo bila kuandikiwa. Wakiwa wa jinsia moja, chumba cha pili kinaendelea kuwafaa hadi ujana wao. Wakiwa kaka na dada, muda wa nyumba ya vyumba viwili unafahamika tangu mwanzo: ni hadi mkubwa afike kumi. Hiyo haiifanyi nyumba kuwa mbaya, inatoa tu ratiba ya chumba cha tatu.

Ratiba hiyo ndiyo inayotenganisha anayejenga kidogo kwa mpango na anayejenga kidogo kwa kukata tamaa. Kwanza tuweke sawa gharama, maana si kweli kwamba nusu ya nyumba ni nusu ya bei. Nyumba ya mita 7 kwa 10 ina mita za mraba 70, na mzunguko wa ukuta wake wa nje ni mita 34. Nyumba ya 11 kwa 12 ina mita za mraba 132, na mzunguko wake ni mita 46. Eneo limekaribia kuongezeka maradufu, lakini ukuta wa nje umeongezeka kwa asilimia 35 tu. Jiko ni moja katika zote mbili, karo ni moja, mita ya LUKU ni moja, fundi bomba ni yule yule. Kinachookolewa kweli ni paa, dari, vigae, plasta, madirisha na kuta za ndani. Ni fedha nyingi, ila mtu asitarajie muujiza.

Akiba kubwa zaidi imejificha mahali pengine. Korido ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 8 inakula mita za mraba 9.6, zaidi ya chumba cha mita 3 kwa 3. Nyumba nyingi za vyumba vitatu hujengwa na korido kama hiyo, pamoja na sehemu ya kulia chakula ambayo familia yenye watoto wadogo haiitumii, kwa kuwa inakula mkekani au mbele ya runinga. Ukivifungulia vyumba vya kulala kwenye sebule, ukaunganisha meza ya chakula na jiko, umepata chumba bila kuongeza tofali.

Kuhusu kujenga kwa awamu, tuna somo karibu na somo mbali. La mbali ni la Chile. Mwaka 2004, katika mji wa Iquique, mbunifu Alejandro Aravena na wenzake walijenga makazi ya Quinta Monroy kwa familia 93. Fedha zilitosha nyumba ndogo tu, kwa hiyo waliamua kujenga ile nusu ambayo familia isingeweza kujijengea vizuri yenyewe, yaani jiko, choo, ngazi na kuta zinazobeba mzigo, na wakaacha uwazi wa kujazwa na wenyewe baadaye. Somo la karibu ni Dandora, Nairobi. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wananchi walipewa viwanja vyenye kiini cha choo na bafu, wakaongeza vyumba wenyewe. Vyumba viliongezeka kweli, lakini vingi viliongezwa kwa ajili ya wapangaji, kisha yakapanda maghorofa, na ua ambao watoto walipaswa kuchezea ukaisha. Anayeacha nafasi ya kupanua nyumba lazima aamue mapema ni kiasi gani hakitajengwa kamwe, kwa kuwa kodi ya mpangaji ni kishawishi kikubwa kwa mwenye ada za shule.

Kwa fundi, kujenga kwa awamu kuna mambo yake madogo ambayo yakikosewa yanagharimu. Nyumba isiwekwe katikati ya kiwanja. Isogezwe upande mmoja kwa kufuata umbali wa mpaka unaotakiwa, ili upande wa pili ubaki na nafasi ya maana. Mahali mlango wa chumba kijacho utakapokuwa, lenta ipitishwe tangu sasa na hapo chini pazibwe kwa tofali zitakazobomolewa bila kuugusa muundo. Paa la upande huo liishie kwa ukuta wa pembetatu badala ya kuteremka, kwa sababu paa linaloteremka litabidi livunjwe. Karo na mabomba yake vikae mbali na eneo hilo. Na ramani ya kibali cha ujenzi ionyeshe nyumba nzima ya mwisho, hata kama sehemu inayojengwa leo ni vyumba viwili.

Anayenunua fleti hana nafasi ya kupanua, kwa hiyo kwake uamuzi ni mkali zaidi. Sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya mwaka 2008 inamwezesha kuwa na hati ya fleti yake, lakini gharama za pamoja za maji, ulinzi na usafi wa ngazi zitakuwa zake kila mwezi hata akibanwa vipi. Upande wa kuuza ili kuhamia pakubwa, wanandoa wakumbuke kuwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mpango wa kuanza padogo na kupanda baadaye ni wa watu wawili tangu siku ya kwanza.

Afya ina neno fupi lakini zito. Msongamano hurahisisha kuenea kwa kifua kikuu, na katika miongozo yake ya mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya Shirika la Afya Duniani lilihimiza kuupunguza. Nyumba ndogo yenye madirisha pande mbili zinazotazamana, na chandarua kimoja kwa kila watu wawili, ni salama kuliko kubwa yenye vyumba visivyopitisha hewa. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata siku moja ya mvua. Hewa yake huua watu usingizini, na kadiri chumba kinavyokuwa kidogo ndivyo inavyojaa haraka.

Zipo familia ambazo nyumba ndogo haizifai, na hazipaswi kushawishiwa. Familia yenye mtoto anayetumia kiti cha magurudumu inahitaji milango mipana, nafasi ya kugeuka na choo anamoweza kuingia nacho. Hapo kila mita ni haki yake. Mama anayeoka keki au kushona nyumbani anahitaji chumba cha kazi, la sivyo watoto watalala katikati ya oda za watu. Wenye watoto ambao tayari wana miaka tisa na kumi na mmoja, wa kike na wa kiume, na mzazi aliyepooza anayehitaji kuogeshwa, wakihamia vyumba viwili karibu na mjini watakuwa wamenunua muda kwa bei ya staha ya kila mtu ndani. Hao wachukue vyumba vitatu Chanika au Kibaha, na mazungumzo yao yahame kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye kazi: ni nani kati yao anaweza kupata ajira upande huo, au kubadilisha zamu, ili angalau mmoja awe amefika kabla jua halijazama.